Dar es Salaam hadi Guangzhou: kwenda moja kwa moja, au kupitia Addis Ababa, Dubai, Doha au Nairobi?

Anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo kwa mara ya kwanza huuliza maswali mawili kwa mpigo: ni mbali kiasi gani, na nitafika baada ya muda gani? Swali la kwanza lina jibu moja lisilobadilika. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Baiyun ni takriban kilomita 8,710, zikipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Swali la pili lina majibu mengi, kuanzia muda wa saa 11 hadi zaidi ya siku nzima, na tofauti hiyo haitokani sana na kilomita. Ndiyo maana msafiri anayelinganisha tiketi kwa kutazama umbali peke yake, au bei peke yake, mara nyingi hujikuta amenunua usiku mzima wa kukaa kwenye kiti cha chuma katika mji ambao hakuwa na shughuli nao.

Njia fupi niliyoitaja huondoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini-mashariki na kuvuka Bahari ya Hindi, na katikati yake huangukia karibu na pwani ya Kerala, kusini-magharibi mwa India. Kutoka hapo hukata ncha ya kusini ya India, huvuka Ghuba ya Bengal, hupita juu ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, kisha huingia China. Rubani haifuati kama uzi uliovutwa, kwa sababu njia za anga zimepangwa, mawingu makubwa ya mvua lazima yakwepwe, na karibu na mwisho wa safari kuna msongamano, maana Guangzhou hushiriki kipande kimoja cha anga na viwanja vya Hong Kong, Shenzhen na Macau. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa kweli huzidi kidogo zile za kwenye ramani, na hali ni hiyo hiyo kwa kila njia nitakayoitaja.

Tuziweke njia zenyewe sambamba. Kupitia Nairobi, safari ina kilomita 670 za mwanzo na kilomita 8,680 za pili, jumla 9,350. Kupitia Addis Ababa kuna kilomita 1,765 na kisha 8,040, jumla 9,805. Kupitia Dubai kuna 3,980 na kisha 5,825, ambazo nazo zinatoa 9,805. Kupitia Doha kuna 3,820 na kisha 6,195, jumla 10,015. Hesabu hizi zimekadiriwa hadi kilomita tano za karibu, na zinatosha kabisa kwa uamuzi wa msafiri.

Wengi hushangaa kuona Addis Ababa na Dubai zikilingana. Mtu akitazama ramani huona kwamba Addis Ababa iko hapa hapa Afrika na Dubai iko mbali kule Ghuba, hivyo hudhani njia ya kwanza ni fupi. Sababu ya kulingana ni kwamba Addis Ababa iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na Dar es Salaam. Anayeruka kwenda huko anapanda kaskazini tu, bila kusogea mashariki hata kidogo, na China bado inamsubiri kwa umbali uliopungua kwa kilomita 670 tu. Dubai imesogea mashariki zaidi lakini pia iko kaskazini mno. Faida moja inakula hasara nyingine, na mizani inasimama sawa.

Tofauti kati ya njia ndefu kuliko zote hapa, ile ya Doha, na safari ya moja kwa moja ni kilomita 1,300 hivi. Kwa ndege kubwa inayokwenda karibu kilomita 900 kwa saa, huo ni mwendo wa takriban saa moja na nusu. Hata hivyo, ukitazama ratiba utaona kwamba anayepitia Doha hutumia muda wa saa tano, nane au hata kumi na mbili zaidi ya anayekwenda moja kwa moja. Muda huo uliobaki umekwenda ardhini: kushuka taratibu kutoka angani, kutembea hadi kwenye ukaguzi, kusubiri lango lifunguliwe, kupanda tena, kungoja zamu ya kuruka, na kupanda upya hadi kimo cha safari, ambako ndipo ndege hupata kasi yake. Kila kituo kina gharama hii hata kama mji wa kituo uko njiani kabisa.

Tuanze na safari ya moja kwa moja. Air Tanzania imekuwa ikiiendesha kwa Boeing 787-8, na angani huchukua takriban muda wa saa 11. China nzima, pamoja na ukubwa wake, inatumia saa za aina moja, ambazo ziko mbele ya saa zetu kwa saa tano. Tuchukue mfano wa kukadiria: ukiondoka Dar es Salaam saa 11:00 jioni, muda wa saa 11 baadaye nyumbani ni saa 10:00 alfajiri, na Guangzhou ni saa 3:00 asubuhi. Unashuka siku ikiwa mbichi, maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa. Ndege ya aina hii pia hutunza hewa ya ndani kwa kiwango cha mtu aliyesimama kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani hufikia mita 2,400, na tofauti hiyo huonekana kichwani na miguuni baada ya usiku mzima.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye kalenda. Ndege haiondoki kila siku, na shirika lenye ndege chache za masafa marefu likilazimika kuipeleka moja kwenye matengenezo, ratiba nzima hutikisika. Mtu ambaye shughuli zake zinakwisha Jumatano lakini ndege ya kumrudisha ni Jumamosi amelala hotelini siku tatu zaidi, na muda aliouokoa angani umeisha wote hapo. Kwa hiyo kabla ya kufurahia neno "moja kwa moja", weka tarehe zako za kwenda na za kurudi juu ya meza, uone kama zinakutana na siku za ndege. Zikikutana, na wewe unaishi Dar es Salaam, mimi sioni sababu ya kutafuta njia nyingine, isipokuwa kama pengo la bei ni kubwa kiasi cha kulipia usiku mbili za hoteli.

Panapohitaji kufikiriwa kwa utulivu ni kati ya Addis Ababa na miji ya Ghuba, kwa sababu hapo umbali ni sawa au karibu sawa, na hata jumla ya muda hukaribiana. Kinachotofautiana ni jinsi safari ilivyokatwa. Kupitia Addis Ababa unapata kipande kifupi cha takriban muda wa saa tatu, kisha kirefu cha takriban saa kumi. Kupitia Dubai unapata vipande viwili vinavyokaribiana, cha kwanza takriban saa tano na nusu na cha pili takriban saa saba na nusu. Doha ni kama Dubai, ila kipande chake cha pili hukaribia saa nane.

Chukua tena mfano wa kuondoka Dar es Salaam saa 11:00 jioni. Kwa njia ya Addis Ababa utafika kituoni saa 2:00 usiku. Ukisubiri hadi saa 5:30 usiku na kuruka muda wa saa kumi, utatua Guangzhou saa 8:30 mchana kwa saa za huko, ukiwa umesafiri jumla ya saa 16 na nusu. Kwa njia ya Dubai utafika kituoni saa 5:30 usiku kwa saa za Dubai, utasubiri hadi saa 8:30 usiku, na ukiruka muda wa saa saba na nusu utatua saa 8:00 mchana, jumla ya saa 16. Kwenye karatasi Dubai imeshinda kwa nusu saa. Mwilini mambo ni tofauti: aliyepitia Addis Ababa amekula, amefunga mkanda, na amelala usiku mmoja usiokatika, aliyepitia Dubai ameamshwa usiku wa manane, amevua viatu kwenye ukaguzi, ametembea kwenye taa kali kama za mchana, na ameanza kutafuta usingizi upya. Kwa mtu anayekwenda kukagua bidhaa na kujadiliana bei siku hiyo hiyo, usingizi mmoja mzima una thamani kuliko nusu saa.

Wapo wasioweza kuvumilia kiti muda wa saa kumi mfululizo, hasa wazee, wajawazito na wenye matatizo ya mishipa ya miguu. Kwao vipande viwili vinavyolingana ni nafuu, kwa kuwa katikati watapata kunyoosha miguu na kutembea. Hoja ni ile ile, ila imegeuka upande kulingana na mwili wa msafiri.

Addis Ababa ina jambo lake jingine ambalo watu wa pwani hulisahau. Uwanja wa Bole uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Aliyetoka Dar es Salaam na fulana moja hujuta kwa saa tatu nzima. Sweta iwe kwenye begi la mkononi, isiwe kwenye sanduku lililokwisha pelekwa kwenye tumbo la ndege. Halafu kuna kufanana kunakofurahisha: Waethiopia nao, kama sisi, huhesabu saa kuanzia mapambazuko, hivyo mwenyeji akikwambia kwa mdomo kwamba ni saa mbili usiku, anamaanisha saa mbili ile ile unayoijua wewe. Mbao za uwanjani, hata hivyo, zinafuata hesabu ya kimataifa.

Kati ya Dubai na Doha, tofauti ya kilomita 210 haina uzito. Doha inatumia saa sawa na za Dar es Salaam, Dubai iko mbele kwa saa moja, na jambo hilo husumbua tu wakati wa kusoma tiketi. Lenye uzito zaidi ni mpangilio wa uwanja. Doha ina uwanja mmoja wa abiria, Hamad, na kuunganisha ndege hufanyika chini ya paa moja. Dubai ina majengo matatu ya abiria, na Jengo la 2 limejitenga upande wa pili wa njia za kurukia, kiasi kwamba anayeshukia jengo moja na kuondokea jingine hulazimika kusafirishwa kwa basi. Angalia namba ya jengo kwenye tiketi zote mbili kabla ya kulipa. Muda wa saa moja na nusu unaotosha ndani ya jengo moja huwa wa jasho ukilazimika kubadilisha.

Dubai ina mvuto mmoja ambao hakuna kituo kingine kinachoushinda, nao ni biashara. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo hununua baadhi ya vitu Deira, eneo la masoko la Dubai, na vingine Guangzhou. Kwa mtu wa namna hiyo kituo kimegeuka kuwa sehemu ya kazi, na muda wa kukaa Dubai hauhesabiwi kama hasara. Atahitaji viza ya kuingia, na tiketi inayoruhusu kusimama siku kadhaa, mambo ambayo lazima wakala wa tiketi aambiwe mapema, kwa sababu kuyabadilisha baadaye hugharimu.

Nairobi ni fupi kuliko vituo vyote, ikiongeza kilomita 640 tu juu ya njia ya moja kwa moja. Lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam kipande cha kwanza, ambacho angani ni zaidi kidogo ya saa moja, kinadai maandalizi yale yale ya safari ya kimataifa: kufika uwanjani mapema, foleni ya uhamiaji, ukaguzi. Baada ya hapo Guangzhou bado iko mbali karibu sawasawa na ilivyokuwa Dar es Salaam, kwa kuwa umepunguza kilomita 30 tu. Faida yake huonekana kwa mtu wa Arusha au Moshi. Kutoka Arusha kwenda Nairobi kwa barabara, kupitia Namanga, ni karibu kilomita 270, na ndege ya moja kwa moja ya kutoka Nairobi kwenda Guangzhou inamfaa kuliko kushuka hadi Dar es Salaam kwanza. Mtu huyo huyo ana chaguo jingine lililo karibu zaidi na mlango wake, yaani kuondokea uwanja wa Kilimanjaro kupitia Addis Ababa au Doha. Vivyo hivyo mkazi wa Zanzibar asijifunge na Dar es Salaam bila kuangalia ndege zinazoondoka kisiwani kwake. Wa Mwanza hana bahati hiyo. Yeye aongeze kwenye hesabu yake ndege ya ndani na, pengine, usiku mmoja wa kulala Dar es Salaam.

Wapo pia wanaotua Hong Kong na kumalizia kwa treni ya mwendo kasi kutoka kituo cha West Kowloon hadi Guangzhou Kusini, safari ya takriban saa moja. Ni njia nzuri tiketi ya Hong Kong inapokuwa nafuu sana, ila kuna mpaka wa kuvuka ukiwa na masanduku, na viza ya China ni lazima iwe mkononi tayari.

Muda wa kusubiri kituoni uwe kiasi gani? Chini ya saa mbili napaona pafinyu, hata pale shirika linapouza tiketi yenye saa moja na dakika kumi. Kati ya saa mbili na nne ndiyo safi. Zaidi ya saa nane, uliza kama shirika linatoa hoteli, kwani baadhi hutoa kwa masharti. Jambo ambalo silishauri kabisa ni kununua tiketi mbili zisizohusiana, moja ya kwenda kituoni na nyingine ya kuendelea. Niliwahi kufanya hivyo ili kuokoa fedha kidogo. Ndege ya kwanza ikachelewa saa tatu, ya pili haikunisubiri, na hakuna aliyewajibika, kwa sababu kila upande ulikuwa na mkataba wake nami na hakuna uliomjua mwenzake. Safari ikiwa kwenye tiketi moja, kuchelewa kwa kipande cha kwanza ni mzigo wa aliyekuuzia. Kwenye kaunta ya Dar es Salaam tazama pia karatasi inayobandikwa kwenye sanduku: herufi za mwisho ziwe CAN, alama ya Guangzhou iliyotokana na jina lake la zamani, Canton. Ukiona ADD, DXB, DOH au NBO peke yake, sanduku litaishia njiani.

Majira nayo yana neno. Maonesho ya biashara ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, yakianza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na katika wiki hizo viti hujaa kwa njia zote. Hapo mwenye kuchelewa kununua hana tena nafasi ya kulinganisha. Anachukua kilichobaki, na kilichobaki kwa kawaida ni kile chenye saa kumi na nne za kusubiri. Kati ya Julai na Septemba tufani za Bahari ya China Kusini huweza kufunga viwanja vya eneo hilo kwa siku moja au zaidi, hivyo aliye na miadi isiyohamishika afike siku moja kabla.

Kurudi ni kurefu kuliko kwenda. Juu sana angani, upepo wa latitudo za India ya kaskazini na China ya kusini huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa nguvu zaidi katika miezi ya Desemba hadi Machi, na hauhusiani na kaskazi wala kusi tunazozijua baharini. Ndege iendayo Guangzhou husukumwa. Irudiyo hupigana nao. Anayerudi kupitia Ghuba huuhisi zaidi, kwa sababu njia yake iko kaskazini, na kipande cha Guangzhou hadi Dubai huweza kuzidi kile cha kwenda kwa saa nzima. Njia ya moja kwa moja hupita karibu zaidi na ikweta na huathirika kidogo. Kwa upande mwingine saa tano ulizopoteza wakati wa kwenda unarudishiwa: ukiondoka Guangzhou saa 5:00 asubuhi kwa ndege ya moja kwa moja, unaweza kuwa Dar es Salaam kabla ya magharibi ya siku ile ile.

Kabla ya kulipa, soma saa za tiketi kwa makini, kwa maana hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, na kila saa ni ya mji unaotajwa pembeni yake. Palipoandikwa 03:25 pasisomwe saa tatu na dakika ishirini na tano. Hiyo ni saa 9:25 usiku. Na tarehe yake ni ya siku inayoanza baada ya usiku wa manane: ndege ya tarehe 15 saa 03:25 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo jioni ya tarehe 14, baada ya chakula cha usiku, mabegi yawe tayari mlangoni.